Figo ya Mashine na Maji Yake



Harambee ya mwaka huu ni ya chumba cha kusafisha damu katika hospitali yetu ya wilaya. Wengi mmetuuliza kwa nini bajeti imetanguliza mtambo wa maji, mashine zenyewe zikafuata. Jibu limo katika historia ya mashine hizo, nasi tumeona tuisimulie kwa ufupi.

Ilianzia Uholanzi. Mwaka 1938, mjini Groningen, daktari Willem Kolff alimuuguza kijana wa miaka 22 aliyefariki kwa figo kushindwa kufanya kazi. Kifo hicho hakikumtoka moyoni. Mwaka 1943, katika hospitali ya mji mdogo wa Kampen, nchi yake ikiwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani, alianza kutumia mashine aliyoibuni: mrija wa selofani wa kutengenezea soseji, umezungushwa kwenye pipa la mbao linalozunguka ndani ya maji ya chumvi. Damu ilipita ndani ya mrija, uchafu ukachujika na kuingia kwenye maji. Wagonjwa wa mwanzo walifariki karibu wote. Septemba 1945 mama wa miaka 67 aliokoka, naye ndiye huhesabiwa kuwa wa kwanza. Baada ya vita, Kolff alizigawa mashine zake bure kwa hospitali za nchi nyingine.

Lakini mashine hiyo iliwafaa wale ambao figo zao zingepona. Aliyepoteza figo kabisa alipaswa kukatwa mishipa upya kila safari, hadi ikakosekana pa kukata. Machi 1960, mjini Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner alimwekea mgonjwa Clyde Shields mirija ya Teflon mkononi, ikaachwa hapo hapo. Shields aliishi miaka 11 zaidi. Mwaka 1966 madaktari wa New York wakaeleza njia bora: kuunganisha mishipa miwili ya mgonjwa mwenyewe chini ya ngozi ya mkono. Njia hiyo inatumika hadi leo.

Njia ikawa imepatikana, ila nafasi hazikutosha. Kituo cha Seattle kilipofunguliwa mwaka 1962, kamati ya raia wa kawaida ilikaa kuamua nani apewe kitanda. Waliangalia kazi ya mtu, familia yake, hata kanisani anakwenda au la. Waliokosa walikufa, huku mashine ikiwa katika mji huo huo. Mambo yalibadilika mwaka 1972, Marekani ilipotunga sheria ya serikali kuwalipia karibu wagonjwa wote wa aina hii.

Sasa tuje kwenye maji. Mgonjwa huhitaji kusafishwa damu kwa kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Kila mara, karibu lita 120 za maji hupita upande wa pili wa chujio, zikitenganishwa na damu yake kwa utando mwembamba tu. Kwa mwaka ni lita zaidi ya 18,000 kwa mtu mmoja. Maji ambayo wewe na mimi tunayanywa bila madhara yanaweza kumdhuru. Katika miaka ya 1970 iligundulika kwamba alumini iliyokuwa kwenye maji ya mashine iliwaharibu wagonjwa ubongo na mifupa. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazili, sumu ya vijimea vya bwawani iliingia kwenye maji ya kituo kimoja, na wagonjwa zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Mashine zilikuwa zinafanya kazi.

Maji ya visima vyetu sote twayajua: huacha ukoko mweupe ndani ya sufuria. Madini hayo hayo, yakimfikia mgonjwa kupitia mashine, humletea kichefuchefu, kuumwa kichwa na shinikizo la damu kupanda. Ndiyo maana tumepanga hivi: kwanza kupima maji na kufunga mtambo wa kuyasafisha, pili jenereta, tatu mashine, nne mfuko wa kila mwaka wa vichujio, dawa na mafunzo ya wauguzi.

Fungu hilo la nne ndilo gumu kuchangiwa, maana halina cha kuzinduliwa wala utepe wa kukata. Lakini mashine hununuliwa mara moja, na mgonjwa huirudia zaidi ya mara 150 kwa mwaka. Tunaomba kila tawi lenye uwezo liahidi mchango wa kila mwezi, hata uwe mdogo, badala ya kutoa kikubwa siku ya sherehe kisha likanyamaza. Ndugu zetu wanaopanga vyumba mjini ili wawe karibu na mashine wanataka kurudi kwao. Tukiwarudisha, tuwe tumejiandaa kuwatunza wiki baada ya wiki.