Safu ya lugha: Fidia

Fidia imetoka katika Kiarabu, na asili yake ni malipo ya kukomboa. Mateka hukombolewa kwa fidia. Mwislamu asiyeweza kabisa kufunga Ramadhani hulisha maskini, nayo ni fidia. Neno jirani la fidia ni dia, malipo ya damu kwa ndugu wa aliyeuawa.

Mahakamani, Kenya na Tanzania, neno fidia hubeba mizigo miwili. Upo wa fidia mahususi: bili ya hospitali, dawa, nauli, mshahara uliokatika. Hiyo hutajwa kwenye madai na kuthibitishwa kwa risiti. Upo pia wa fidia ya jumla, ambamo yamo maumivu na mateso. Hakuna duka linalotoa risiti ya usiku usio na usingizi, kwa hiyo hakimu hupima ukubwa wa jeraha na kutazama hukumu za kesi zinazofanana.

Tusichanganye fidia na faini. Faini anayotozwa dereva aliyesababisha ajali kwa kawaida huingia serikalini, haimfikii majeruhi. Wala tusiichanganye na mkono wa pole. Pole ni utu, na mtoaji hupanga kiasi apendacho. Fidia ni haki, na majeruhi huweza kuidai. Wengi hupewa pesa kidogo wakiwa bado kitandani, wakatia saini karatasi isemayo wamefidiwa. Tuwasomee neno hilo kabla kalamu haijagusa karatasi.