Dalili za Kuacha Dawa

Dalili za kuacha dawa ni mabadiliko yanayompata mtu anapoacha ghafla, au kupunguza haraka, dawa ambayo mwili wake umeshaizoea. Huwapata watumiaji wa heroini na pombe, lakini pia wagonjwa waliomeza dawa za hospitali jinsi walivyoelekezwa. Kwa muda mrefu pamekuwa na mvutano kama dalili hizo ni za kimwili au za kisaikolojia. Mvutano huo si wa wasomi peke yao, kwa kuwa mgonjwa akishaambiwa tatizo lake liko kichwani tu, mara nyingi huachwa ajikaze mwenyewe.

Chanzo chake ni jinsi mwili unavyojirekebisha. Heroini hutuliza fungu dogo la seli kwenye shina la ubongo, ambazo hutengeneza noradrenalini, kemikali inayouamsha mwili. Dawa ikiingia kila siku, seli hizo hujiongezea nguvu ili kazi isilale, na heroini ikikatika, nguvu hiyo hukosa wa kuizuia. Saa 8 hadi 12 tangu dozi ya mwisho, mtu huanza kupiga miayo, macho na pua humchuruzika, vinyweleo humsimama na mboni za macho hutanuka. Kisha tumbo humsokota, huharisha, mifupa humuuma na usingizi humruka. Hali hii, ambayo watumiaji wa unga huiita arosto, hufikia kilele siku ya 2 au ya 3, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba dalili hizi ni za kimwili hutoka wodi ya wazazi. Mtoto aliyezaliwa na mama anayetumia heroini, au methadoni inayotolewa badala yake, huweza kutetemeka, kulia kwa sauti kali asibembelezeke, na kushindwa kunyonya vizuri. Hajui dawa ni nini, wala hana hofu ya kuikosa. Vivyo hivyo, hakuna anayeota prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, usiku kwa uchu, lakini aliyeitumia kwa muda mrefu akiiacha ghafla, tezi zake za adrenali zilizokuwa zimelala huweza kushindwa kuamka kwa wakati, na shinikizo la damu likashuka hadi kuhatarisha maisha. Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake walieleza jaribio walilolifanya huko Lexington, Kentucky, ambako wafungwa wanaume walinyweshwa pombe kwa wiki kadhaa huku wakilishwa vizuri na kupewa vitamini. Walipokatiziwa, baadhi yao walipata kifafa na kuweweseka. Jaribio la namna hiyo kwa wafungwa halipaswi kurudiwa, ila lilimaliza dai kwamba kiini cha hali hiyo ni lishe duni.

Hata hivyo, mwili hujifunza. Mwaka 1977 Charles O'Brien na wenzake, nchini Marekani, waliwadunga watu waliokuwa kwenye methadoni dozi ndogo ya naloksoni, dawa inayoleta arosto papo hapo, na kila mara waliambatanisha mlio fulani na harufu ya peremende. Baadaye mlio na harufu peke yake vilitosha kuwatoa machozi na makamasi. Je, machozi hayo yalikuwa ya kimwili au ya kisaikolojia? Kumbukumbu ndiyo iliyoyaleta, na yalitiririka kweli. Ndiyo maana mtu aliyemaliza miezi bila unga huweza kushikwa na jasho na tumbo kukata akipita tu kwenye maskani yake ya zamani.

Mgogoro mkubwa zaidi leo ni wa dawa za sonona. Wanaoacha paroksetini au venlafaksini husimulia kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali, machozi ya ghafla na mishtuko kama ya umeme inayopita kichwani. Wengi waliambiwa kwamba ugonjwa umerudi, wakarudishiwa vidonge. Lakini sonona haileti mishtuko ya umeme, na kwa kawaida hairejei ndani ya siku 2. Fluoksetini, ambayo hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, huleta shida hiyo kwa nadra zaidi, na tofauti hiyo yaonyesha mkono wa dawa yenyewe. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2024 ulikuta dalili kwa asilimia 31 ya walioacha dawa halisi, na kwa asilimia 17 ya walioacha vidonge visivyo na dawa. Basi matarajio yana sehemu yake, na dawa ina yake. Hao asilimia 17 nao hawakusema uongo, maana kizunguzungu kinachotokana na hofu humwangusha mtu vilevile.

Kwa hiyo mgawanyo wa zamani haufai kumpimia mgonjwa. Wasiwasi wa aliyeacha diazepamu, dawa ya kutuliza, hutoka kwenye neva zilezile zinazomtetemesha mikono na zinazoweza kumtia kifafa. Tiba huanzia kwenye kupunguza dozi polepole, pengine kwa miezi, au kutumia dawa mbadala kama methadoni, ambayo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Anayetumia diazepamu, prednisoloni, klonidini (dawa ya shinikizo la damu) au dawa za sonona kwa muda mrefu asiache ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe. Amwone kwanza daktari. Mjamzito anayetumia heroini naye asikatishwe ghafla, bali apelekwe kliniki aanzishiwe methadoni.