Eastlands: Ardhi na Watu wa Mashariki ya Nairobi

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyotanda mashariki ya katikati ya jiji la Nairobi, kuanzia Muthurwa na Pumwani hadi Kayole na Dandora. Kiutawala jina hilo halipo: mitaa imegawanywa baina ya Kamukunji, Makadara, Embakasi, Njiru na kaunti ndogo jirani.

Ardhi yake ni tambarare inayoteremka taratibu kuelekea uwanda wa Athi. Udongo ni mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha hunata na kutuamisha maji, jua likiwaka hupasuka, na nyumba yenye msingi hafifu hupata nyufa. Mto Mathare, Mto Nairobi na Mto Ngong hupita humo ikiwa imekwisha kuzoa uchafu wa mji. Magharibi kuna udongo mwekundu, miinuko na baridi ya kupendeza, na huko ndiko Wazungu walikojitengea makao baada ya reli kufika mwaka 1899. Waafrika walisukumwa upande wa pili, karibu na yadi za reli na viwanda vilivyohitaji mikono yao.

Pumwani, inayojulikana pia kama Majengo, ilianzishwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ili kukusanya mahali pamoja watu wa vijiji vilivyochipuka bila kibali. Serikali ya mji ilitoa viwanja, wenyeji wakajijengea nyumba za udongo na kupangisha chumba kimoja kimoja. Waislamu walikuwa wengi, na sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake, jambo ambalo watawala hawakulitarajia wala hawakulifurahia. Kijiji cha Pangani, kilichokuwa cha zamani zaidi, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wa watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo.

Nyumba zilizofuata zilikuwa za kanjo, yaani halmashauri ya mji, au za waajiri kama shirika la reli. Nyingi zilipimwa kwa vitanda: mwanamume mmoja aliyekuja kazini, mkewe akibaki mashambani. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa tofauti. Ilikusudiwa familia, ikapewa nyasi na miti baina ya nyumba, shule, na ukumbi ambamo siasa za uhuru zilipata jukwaa. Mbotela na Ofafa zilifuata, zikibeba majina ya viongozi wa Kiafrika waliouawa mwanzoni mwa Hali ya Hatari, yaani kipindi cha vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni. Msako wa Aprili 1954, ulioitwa Operation Anvil, uliwakumba maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na vyumba vyao vingi vikachukuliwa na Waluo, Waluhya na Wakamba.

Baada ya uhuru familia ziliungana na wanaume waliokuwa mjini. Jiji lililokuwa na watu 509,286 mwaka 1969 lilihesabiwa 827,775 mwaka 1979. Katika muongo huo Buruburu ilianza kujengwa kwa awamu kwa ajili ya watu wa mshahara wa kati, Umoja ikapata fedha za Marekani, na Dandora ikapata mkopo wa Benki ya Dunia: mwenye ploti alipewa maji, choo na msingi, mengine akajijengea.

Sensa ya 2019 inaonyesha uzito ulivyohamia mashariki zaidi. Makadara, yenye mitaa mingi ya kanjo, ilikuwa na watu 189,536, na Kamukunji, inayobeba Pumwani na Eastleigh, 268,276 katika takriban kilomita za mraba 10.5. Embakasi pekee ilikuwa na 988,808 na Njiru 626,482. Zote mbili zilibeba zaidi ya thuluthi moja ya wakazi 4,397,073 wa Nairobi. Nyumba za kanjo zilibaki chini, zikiongezewa vyumba vya mabati pembeni, ilhali Umoja na Kayole wenye ploti walipandisha ghorofa za kupangisha, mara nyingi ukuta kwa ukuta na bila nafasi ya kuanikia nguo.