Tiba ya majinamizi ya kiwewe

Majinamizi ya kiwewe ni ndoto za kutisha zinazomrudia mtu aliyepitia tukio lililohatarisha uhai wake au utu wake: vita, ubakaji, mateso, ajali mbaya, mauaji ya halaiki. Ni miongoni mwa dalili kuu za ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe, uliotambuliwa rasmi mwaka 1980 katika mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani. Mara nyingi ndoto hizi hurudia tukio lenyewe karibu kama lilivyotokea, na mwenye kuota huamka akitweta, moyo ukimwenda mbio, jasho likimtiririka.

Kwa muda mrefu madaktari waliyachukulia majinamizi kuwa mkia wa ugonjwa: mgonjwa akipona, ndoto nazo zitakwisha. Sivyo inavyokuwa kwa wengi. Wapo wanaopata nafuu ya mchana, wakaweza kurudi kazini na kukaa na watu, lakini usiku ukabaki vilevile. Mtu anayeogopa ndoto huogopa pia kitanda. Hukesha, huacha taa ikiwaka, au hunywa pombe ili apate usingizi. Kukosa usingizi humzidishia hasira na wasiwasi, na majinamizi ya mara kwa mara yanahusishwa na mawazo ya kujiua. Kwa sababu hiyo yanastahili kutibiwa yenyewe, mapema, bila kungoja mengine yaishe.

Dawa iliyochunguzwa zaidi ni prazosini, iliyotengenezwa kwa ajili ya shinikizo la damu. Daktari Murray Raskind wa hospitali ya askari wastaafu mjini Seattle aligundua kwamba wagonjwa wake waliopigana Vietnam, walipopewa dawa hiyo kwa matatizo ya mkojo yatokanayo na tezi dume, walianza kulala bila majinamizi. Maelezo yake yanaingia akilini. Noradrenalini, kemikali inayouweka mwili katika hali ya tahadhari, huwa nyingi kwa watu wenye kiwewe hata wakiwa wamelala. Prazosini huziba baadhi ya vipokezi vyake na kuingia hadi kwenye ubongo. Utafiti mdogo wa mwaka 2003 uliohusisha askari wastaafu 10 ulionyesha nafuu kubwa, na tafiti kadhaa zilizofuata zikaunga mkono.

Mwaka 2018 yakaja matokeo yaliyowashtua wengi. Katika jaribio la askari wastaafu 304, waliomeza prazosini hawakupata nafuu zaidi kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa. Watetezi wa dawa hiyo walieleza kwamba wagonjwa waliokuwa katika hali mbaya zaidi hawakuingizwa katika jaribio hilo, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo haifuti matokeo. Lililo sahihi ni kusema kwamba prazosini huwasaidia baadhi ya wagonjwa, si wote, na kwamba ndoto zinaweza kurudi inapoachwa. Huanzwa kwa kipimo kidogo, kwa kawaida miligramu 1 wakati wa kulala, kwa kuwa dozi ya kwanza inaweza kushusha shinikizo la damu ghafla hadi mtu akazimia anaposimama.

Njia ya pili haihitaji kidonge. Katika tiba ya kurudia taswira, mgonjwa huchagua ndoto moja, ikiwezekana isiyo kali kupita zote, akaiandika, kisha akaibadilisha apendavyo. Mlango uliofungwa unaweza kufunguka. Anayemfukuza anaweza kusimama na kugeuka. Hakuna anayemwamulia mwisho mpya uweje. Kila siku, akiwa macho, huipitia ndoto hiyo mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20, akiiacha ile ya zamani. Barry Krakow na wenzake waliijaribu huko New Mexico kwa wanawake 168 waliobakwa au kudhulumiwa kingono, na mwaka 2001 waliripoti kwamba vipindi vitatu tu vilipunguza majinamizi na kuboresha usingizi. Si kwamba mgonjwa anaambiwa asahau yaliyompata. Ndoto inayojirudia hufanana na mazoea, na mazoea hufundishika upya. Kwa mahali ambapo daktari wa magonjwa ya akili yuko mbali, hii ndiyo tiba ya kuanza nayo, mradi awepo mnasihi aliyefunzwa wa kumwongoza mgonjwa.

Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu hazipendekezwi: hazitibu kiwewe, na mtu huzizoea upesi.

Kabla ya yote, mgonjwa aulizwe kama anakoroma na pumzi kukatika usingizini. Tatizo hilo hukutwa mara nyingi kwa wenye kiwewe, na mashine ya kusukuma hewa puani imewapunguzia wengine majinamizi.

Tiba ya kiwewe chenyewe huenda sambamba na haya, nayo haikuishia Marekani. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wanasihi waliotoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwasaidia Wanyarwanda na Wasomali kusimulia maisha yao kwa mpangilio, na matokeo mazuri yalichapishwa mwaka 2008. Mashariki mwa Kongo, utafiti wa mwaka 2013 uliwahusu wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Waliopata tiba ya mazungumzo katika vikundi, iliyoongozwa na wasaidizi wa kijamii wa hukohuko, walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja.