Harufu ya Jani Lililotagiwa: Kinga ya Mahindi na Uteuzi wa Mbegu

Mayai ya bungua wa mabua hayaonekani kwa urahisi. Nondo jike wa jamii ya Chilo partellus hutaga usiku, mayai bapa ya rangi ya maziwa yaliyolaliana kama magamba ya samaki. Mkulima akipita asubuhi haoni lolote. Siku chache baadaye viwavi huanguliwa, hupanda hadi kwenye moyo wa mmea na kuutafuna, kisha hutoboa bua na kujichimbia ndani, mahali ambapo dawa ya kupulizia haiwafikii tena. Mijadala yetu mingi kuhusu wadudu waharibifu huanzia hapo, bua likiwa limekwisha kutobolewa. Hoja yangu ni kwamba tunaanza tukiwa tumechelewa, kwa kuwa mmea wenyewe una namna ya kujibu tangu yai linapogusa jani, na kwamba uwezo huo tumeuacha upotee mikononi mwetu wakati wa kuchagua mbegu.

Tumezoea kuifikiria kinga ya mimea kama silaha: miiba, utomvu, sianidi ya mihogo michungu, sumu ya ua la pareto, uchungu wa mwarobaini. Mahindi nayo yana kemikali zake chungu, hasa yakiwa machanga. Lakini kuna kinga nyingine isiyomgusa mdudu kabisa. Jani likitafunwa, jeraha pamoja na mate ya kiwavi huliamsha litoe mchanganyiko wa harufu ambao haukuwapo awali, na nyigu wadogo huufuata. Mmoja wao ni Cotesia sesamiae, nyigu wa Afrika mwenye urefu wa milimita chache tu. Huingia ndani ya tundu alilochimba kiwavi, humdunga na kumtagia mwilini. Mabuu yake humla kiwavi kutoka ndani, kisha hutoka na kujisokotea vifukofuko vyeupe kama punje za mchele kando ya mzoga. Nikiuita huu mwito, simaanishi kwamba mmea una nia. Ninachosema ni kwamba harufu hiyo humletea mmea adui wa adui yake.

Mwito huo una kasoro kubwa. Kiwavi aliyekwisha kutagiwa huendelea kula kwa siku kadhaa kabla ya kufa, na bua huzidi kuharibika. Ndiyo sababu nauona kuwa mzito sana utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Amanuel Tamiru na wenzake, uliowaunganisha wanasayansi wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE nchini Kenya na wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Waligundua kwamba baadhi ya mahindi ya asili hutoa harufu ya kuvuta nyigu mara tu nondo anapotaga, kabla hata jani moja halijatafunwa. Harufu hutoka katika mmea mzima, na si kwenye jani lililotagiwa peke yake. Hata dutu iliyokamuliwa kutoka kwenye mayai hayo ilitosha kuiamsha. Waliovutwa ni Trichogramma bournieri, nyigu anayelitagia yai lenyewe na kulizuia lisianguliwe, na pia Cotesia, anayefika mapema kabla viwavi hawajatoka. Katika mahindi chotara ya kibiashara waliyoyapima, mwito huo haukuwapo kabisa. Baadaye ulionekana pia katika mbegu za wakulima wa magharibi mwa Kenya, ikiwemo Nyamula.

Tuitazame asili ya wahusika wakuu watatu. Mahindi yalitoka Amerika, Chilo partellus alitoka Asia na kufika Afrika katika karne ya 20, naye Cotesia sesamiae ni wa hapa hapa. Kwa hiyo siamini kwamba huu ni mkataba wa kale baina ya viumbe waliokua pamoja. Naona ni uwezo mpana zaidi, na kwa hiyo wenye thamani zaidi.

Ulipoteaje? Hakuna aliyekusudia kuuondoa. Mara nyingi mtafiti wa mbegu hupima mavuno katika shamba linalolindwa kwa dawa. Katika shamba hilo mmea unaoita na mmea ulio kimya huzaa sawasawa, na sifa isiyopimwa huweza kutoweka pasipo mtu kujua, kadiri koo za mbegu zinavyozidi kuwa chache. Jambo kama hilo lilikwisha kuonekana chini ya udongo. Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba mizizi ya mahindi ikishambuliwa na mabuu ya Diabrotica hutoa kemikali inayowavuta minyoo midogo inayowaua mabuu hao, na kwamba aina nyingi za Amerika Kaskazini zimeupoteza uwezo huo.

Nakubali kwamba chotara imelisha watu wengi, wala simwambii mkulima arudi kwenye gunia pungufu kwa ajili ya harufu. Nakubali pia kwamba kilimo cha sukuma-vuta, chenye desmodi katikati ya mistari ya kuwafukuza nondo na mabingobingo pembezoni ya kuwavuta, kimewasaidia wakulima wengi wa ukanda wa Ziwa Victoria. Yako hata majani ya malisho, Melinis minutiflora, ambayo hutoa harufu za kuvuta Cotesia bila kusubiri kushambuliwa. Ila tuseme ukweli: mwenye robo ekari anatoa ardhi na jasho ili jirani wa mahindi yake afanye sehemu ya kazi ambayo jani la mahindi lenyewe lingeweza kuifanya.

Mbegu mpya hupimwa utofauti wake, ulinganifu wake, uthabiti wake na mavuno yake kabla ya kuidhinishwa. Kipimo cha tano, cha mwito huu wa harufu, hakihitaji mitambo mikubwa: mmea uliotagiwa, mmea usiotagiwa, pampu ya hewa, na chombo chenye mikono minne. Nyigu huwekwa katikati, na mtafiti huhesabu dakika anazokaa katika kila mkono.