Nyayo Zetu Katika Mji wa Berlin

Mwalimu wa historia afundishapo habari za kugawanywa kwa Afrika hulitaja jina la Berlin kana kwamba ni tarehe tu, wala si mji wenye watu, mvua na maduka ya mikate. Sisi nasi tulikuwa hivyo kwa miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka 2024 tulijaliwa kwenda huko, walimu watano, kwa mafunzo ya majuma sita juu ya utunzaji wa nyaraka za kale. Habari za mafunzo yenyewe hatutazieleza kwa kirefu. Tulifundishwa jinsi ya kuukinga waraka na unyevu, mwanga na wadudu, nasi tunashukuru. Yaliyotugusa zaidi ni yale tuliyoyaona siku za mapumziko.

Kwanza tuliitafuta nyumba ya Mkutano. Haipo. Jumba la Bismarck katika barabara ya Wilhelmstrasse, ambamo wajumbe wa nchi 14 walikutana tangu tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, liliharibiwa vitani na kubomolewa baadaye. Mahali pale sasa pana nyumba za kupanga na bango la maelezo. Tulisimama pale tukakumbushana kosa ambalo hata vitabu vyetu hulirudia, yaani kwamba wakubwa wale walizunguka meza wakaikata nchi yetu kwa rula. Mkutano uliweka kanuni. Ilikuwa siku moja baada ya kufungwa kwake, tarehe 27 Februari 1885, ndipo Kaizari alipotoa hati ya kuilinda kampuni ya Karl Peters katika nchi za Usagara, Nguru, Useguha na Ukami, kwa mikataba ambayo Peters aliikusanya kwa machifu majuma machache tu. Mwanafunzi akiziweka tarehe hizo mbili bega kwa bega ataelewa mengi kuliko kwa kuitazama ile picha ya meza.

Jumapili ya pili tulikwenda kwenye makumbusho ya viumbe vya asili. Katika ukumbi wa kwanza amesimama dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, shingo yake ikielekea paani. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, na kiunzi chake kikasimamishwa mwaka 1937. Watoto wa Kijerumani walikuwa wakimkimbilia kwa furaha, nasi, tukubali, tulifurahi pia. Lakini mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Lindi, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Njia ile naijua. Mchanga na miiba."

Alikuwa akifikiri juu ya wachukuzi. Kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi ni kilomita zipatazo 60, nao walizipitia kwa miguu na mizigo kichwani na mabegani, mpaka zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zikapakiwa melini. Yafaa tukumbuke ni watu gani hao. Vita vya Maji Maji vilikwisha mwaka 1907, na njaa iliyofuata ilimaliza watu wengi kuliko risasi. Miaka miwili baadaye mamia ya wenyeji wa nchi ileile, mwaka mmoja wakifikia kama 500, walikuwa wakichimba kwa ujira mdogo chini ya wataalamu wa Kijerumani. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani, mtu aliyekuwa hodari wa kuutambua na kuutoa mfupa udongoni bila kuuvunja. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu la Australodocus bohetii kwa heshima yake, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia, kwa ajili ya Wamwera. Tunajiuliza ni shule ngapi za Lindi zinazojua hayo.

Je, mifupa irudi? Usiku ule tulibishana hadi chai ikapoa. Mmoja alisema mali ni ya mwenye ardhi, basi. Mwingine akauliza itawekwa wapi, na nani atailipia nyumba ya kuikinga na chumvi ya pwani. Wa Lindi alisema yeye angeanza na majina ya wachukuzi, hata kama yatapatikana kumi tu. Hatukukubaliana, na mpaka leo hatujakubaliana.

Wako pia Waswahili waliokwenda wenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Dunda, karibu na Bagamoyo, alifika mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, na maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa mwaka 1903. Alimwoa mwanamke Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 walipofika Dar es Salaam wakuu wa koloni walimkataza mke kushuka melini, wakalazimika kurudi Ujerumani. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927, hakuiona tena Bagamoyo.

Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, yaliyompata ni mazito zaidi. Angali mtoto alitumika katika jeshi la Kijerumani. Alipofika Berlin mwaka 1929 alidai mshahara wake na wa baba yake, akakataliwa. Alifundisha Kiswahili, akahudumu mezani, akaigiza katika filamu. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mweupe, wakampeleka katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mbele ya nyumba namba 193, Brunnenstrasse, kimepachikwa njiani kijiwe chenye bamba dogo la shaba na jina lake. Ili kulisoma ni lazima uiname.

Majina ya barabara nayo yanabadilika. Ile ya Wissmann, aliyeuvunja upinzani wa Abushiri, tangu mwaka 2021 inaitwa Lucy Lameck, binti wa Kilimanjaro. Barabara ya Peters ilikuwa na kisa cha kuchekesha: mwaka 1986 wakuu wa mji walitangaza kwamba jina libaki lilelile, ila Peters awe mwingine, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Agosti 2024 hila hiyo ilikwisha, na sehemu moja ya barabara ikaitwa Maji-Maji-Allee.

Tulikwenda kuiona siku mbili kabla ya kuondoka. Bibi mmoja mkazi wa pale, aliyetuona tukipiga picha kibao, alituuliza kwa Kiingereza neno hilo lina maana gani. Tukamwambia ni maji, haya haya ya kunywa. Akataka kujua kwa nini basi yamepewa barabara. Mvua ilikuwa imeanza. Tukasogea naye chini ya paa la kituo cha basi, tukaanza kumweleza tangu mwanzo, habari za Kinjikitile, Ngarambe, na pamba ya Matumbi.