Robo ya Peni: Wanawake Saba wa Edinburgh na Mlango wa Udaktari

Julai 6, 2019, Chuo Kikuu cha Edinburgh nchini Scotland, ambacho Watanzania wanakifahamu zaidi kwa kuwa ndiko alikohitimu Julius Nyerere mwaka 1952, kiliwatunuku shahada za heshima za udaktari wanawake 7 waliokwisha kufariki, ambao waliandikishwa hapo mwaka 1869 wakaondoka bila shahada yoyote. Chuo hicho sasa kinaona fahari kuwa cha kwanza Uingereza kusajili wanafunzi wanawake, ingawa shahada ya heshima hutolewa bila mtihani, ilhali wanawake hao waliomba wafanye mtihani kama wenzao.

Sheria ya mwaka 1858 iliweka rejista ya madaktari, yaani orodha rasmi ya wenye idhini ya kutibu, na mtu hakuweza kuingizwa humo bila cheti cha chombo cha mitihani cha Uingereza. Elizabeth Blackwell, aliyehitimu Marekani mwaka 1849, alikuwa miongoni mwa wachache waliowahi kuingizwa mapema, kabla kanuni hiyo haijabana. Elizabeth Garrett alipita mwaka 1865 kupitia chama cha wauza dawa cha London, nacho kikabadili kanuni zake ili asimfuate mwingine.

Mengi yanayojulikana kuhusu Edinburgh yanatokana na maandishi ya Sophia Jex-Blake, kiongozi wa wale saba, ambaye hakuwa mtu wa kusahau deni. Kwa maelezo yake, chuki ilianza pale wanawake walipofaulu. Mwaka 1870 Edith Pechey aliongoza katika kemia miongoni mwa wanaosoma somo hilo kwa mara ya kwanza, lakini Profesa Alexander Crum Brown akampa mwanamume aliyekuwa chini yake ufadhili wa Hope, kwa hoja kwamba wanawake walifundishwa saa tofauti na hivyo hawakuwa wa darasa lile. Kinachochoma zaidi ni kwamba mfuko huo ulianzishwa kwa ada zilizolipwa na wanawake, waliohudhuria mihadhara ya Profesa Thomas Hope miongo kadhaa kabla yake.

Novemba 18 mwaka huohuo, wanawake hao walipokwenda kwenye mtihani wa anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, mamia ya watu waliziba barabara mbele ya Ukumbi wa Madaktari wa Upasuaji, wakawarushia matope na kuwafungia lango; na walipokwisha kuingia, kondoo alisukumwa ndani ya chumba cha mtihani, ambaye mwalimu wao aliagiza aachwe kwa kuwa alikuwa na akili kuliko waliomtuma. Kondoo huyo ndiye anayesimuliwa mno, lakini pigo lililouma lilitoka mahakamani. Jex-Blake alidai hadharani kwamba msaidizi wa Profesa Robert Christison alikuwa miongoni mwa viongozi wa fujo, na kwamba lugha yake chafu ingesameheka tu kama alikuwa amelewa. Msaidizi huyo alimshtaki kwa kumkashifu, akidai fidia ya pauni 1,000. Mwaka 1871 baraza la wazee wa mahakama lilimpa ushindi lakini likathamini heshima yake kwa robo ya peni, na bado gharama za kesi, zilizozidi pauni 900, zikamwangukia Jex-Blake, hadi wafuasi wake walipochanga kuzilipa. Christison mwenyewe, adui mkubwa wa wanawake hao, alikuwa na kiti katika karibu kila chombo kilichoamua hatima yao.

Mwaka 1873 mahakama ya juu ya Scotland iliamua, kwa wingi mdogo wa majaji, kwamba chuo hakikulazimika kuwapa shahada na kwamba hakikupaswa hata kuwasajili. Jex-Blake alihamia London, akashiriki kuanzisha shule ya tiba ya wanawake mwaka 1874. Bunge likapitisha mwaka 1876 sheria iliyoruhusu, bila kulazimisha, vyombo vya mitihani kuwapokea wanawake, na mwaka uliofuata yeye na Pechey wakapata idhini Dublin. Pechey baadaye alifanya kazi Bombay. Edinburgh yenyewe ilianza kuwapa wanawake shahada za udaktari mwaka 1896.

Karne iliyofuata milango ilifunguka kwa kasi tofauti kila nchi, na si yote iliyobaki wazi: mwaka 2018 ilibainika kwamba Chuo Kikuu cha Tiba cha Tokyo kilikuwa kikipunguza kwa siri alama za watahiniwa wanawake, kwa hoja kwamba daktari mwanamke akizaa huacha kazi.